Kubomoa mfereji wa zege na kurudisha mto mjini: mita 30 za upana zinatosha?

Mchoro Kazi

Habari za kazi wadau. Naomba msaada wa vipimo. Kuna mto mdogo uliogeuzwa mfereji wa zege katikati ya mji: upana mita 5, kina mita 2, kuta wima, sakafu inashuka mita 4 kwa kila mita 1,000. Kipande tunachokusudia kina urefu wa mita 400, na kati ya majengo ya upande huu na ya upande ule kuna mita 30 zilizo wazi. Mpango ni kuvunja zege, kurudisha mto wenye kingo za udongo na mimea, na ukanda wote uwe bustani ya watu kupumzika na kupita kwa miguu. Kiangazi maji hayavuki kifundo cha mguu. Mvua kubwa zikija, mfereji unajaa pomoni.

Wahandisi wanasema bila zege mji utafurika. Wasanifu wa mandhari wanasema mimea itapunguza mafuriko. Nani yuko sahihi, na mto mpya uwe na umbo gani ndani ya mita 30? Kingo za udongo zishikwe na nini mpaka mizizi ikomae? Na mabenchi, njia na taa vikae wapi visisombwe?

Hesabu za Maji

Wahandisi wana hoja, ila wameishia katikati ya hesabu. Kwa kanuni ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kwenye mkondo, ukwaru wa zege (namba ya jinsi uso unavyokwaza maji) ni takriban 0.015. Mfereji wako ukijaa, maji yanachukua eneo la mita za mraba 10 na kasi inafika mita 4.5 kwa sekunde, kwa hiyo unapitisha mita za ujazo 45 kila sekunde. Weka mawe na mimea ndani ya umbo lile lile, ukwaru upande hadi 0.04, na uwezo unashuka hadi mita za ujazo 17. Hapo mji unafurika kweli. Mimea kwenye mkondo inachelewesha maji kwa faida ya walio chini, lakini pale ilipo inapandisha kina. Kinachofidia ni upana.

Kwa hiyo chora mto wa ngazi mbili. Mkondo wa chini uwe na sakafu ya mita 4, kina sentimita 80, kingo zenye mlalo wa 1 kwa 2 (kupanda mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda pembeni). Mdomo wake unakuwa mita 7.2. Juu ya mdomo huo weka uwanda wa mafuriko wenye jumla ya mita 14 kwa pande zote mbili. Kisha ukingo wa nje upande mita 1.2 kwa mlalo wa 1 kwa 3. Jumla ni mita 28.4, inaingia kwenye nafasi yako.

Nikipiga hesabu kwa ukwaru wa 0.04 mkondoni na 0.06 kwenye uwanda wa nyasi, mita za ujazo 45 zinapita kwa kina cha mita 1.88. Zimebaki sentimita 12 kufika juu, na hizo ni chache mno. Tafuta angalau sentimita 50 za akiba. Njia nzuri ni ukuta mfupi wa kukalia kwenye ukingo wa juu, pande zote mbili: watu wanaupata kama benchi, mto unaupata kama tuta. Ila kumbuka mabomba ya maji ya mvua yanayotoka mitaani: kila bomba linalotokea chini ya kimo cha mafuriko liwekewe vali ya bawaba, inayofunguka kuelekea mtoni tu, la sivyo mto utaingia mitaani kwa mlango wa nyuma huku ukuta wako ukiwa mkavu. Vali ikifunga, mvua ya mtaani nayo inahitaji pa kusubiri, hivyo acha mabonde madogo ya nyasi nyuma ya ukuta.

Jambo la pili ni matunzo. Uwanda ukiachwa vichaka vishonane hadi ukwaru ufike 0.10, mto wote ukijaa hadi mita 2 unapitisha mita za ujazo 43 tu. Yaani kutokufyeka peke yake kunakurudisha chini ya uwezo wa zege. Andikeni ratiba ya ufyekaji kwenye michoro yenyewe, pamoja na idara itakayoilipia, kabla ya nyundo ya kwanza kugusa zege.

Na 45 ni uwezo wa mfereji uliopo, si lazima iwe ndiyo gharika mnayopaswa kuipangia. Pateni takwimu za mvua na ukubwa wa bonde lote, mtafute mafuriko yenye uwezekano wa 2% au 1% kila mwaka.

Kuhusu kiangazi: maji yasiyovuka kifundo yakitandaa kwenye sakafu ya mita 4 yanabaki utando mwembamba, yanapata joto na kuota mwani. Chimba ndani ya sakafu kijito cha upana wa mita 1 hivi kinachoyumba kushoto na kulia, ili maji machache yabaki na kina na mwendo.

Mkondo Chini

Hesabu hiyo ni sahihi kwa katikati ya kipande, lakini tazameni mwisho wake wa chini, maana ndipo miradi ya namna hii inapovunjikia. Maji yanayotembea kwa wastani wa karibu mita 1.5 kwa sekunde kwenye mto mpana yatafika mahali yaingie tena kwenye mfereji wa mita 5, ambako lazima yakimbie kwa mita 4.5. Kasi hiyo haiji bure, inanunuliwa kwa kimo cha maji, na kimo kinachotakiwa ni karibu mita 1. Kwa mita za ujazo 45 kwenye upana wa mita 5, maji yatajikusanya mbele ya mlango wa mfereji hadi kina cha takriban mita 3. Ukuta wa kukalia wa sentimita 50 hautayazuia. Na kwa mteremko wa 0.004, athari ya mrundikano huo inarudi nyuma karibu mita 280, yaani zaidi ya nusu ya bustani.

Anayepima umbo kwa Manning peke yake haoni jambo hili. Linahitaji hesabu ya wasifu wa uso wa maji, yaani kimo cha maji hatua kwa hatua, kuanzia mwisho wa chini wa mto kwenda juu.

Chini ya kipande chenu kuna nini?

Mchoro Kazi

Ahsanteni sana. Mfereji unaendelea mita 90 tu, kisha unajiunga na mto mkubwa. Kwenye hizo mita 90 majengo yamekaribia, nafasi iliyopo ni mita 13.

Mkondo Chini

Basi zijumuisheni hizo mita 90. Si lazima ziwe laini. Zinaweza kubaki na kuta za zege au mawe, mradi upana ufike mita 12. Kimo cha nishati (kina cha maji pamoja na kimo kinachonunua kasi yake) kinachohitajika kuingia hapo kinashuka kutoka takriban mita 3 hadi 1.7, na mrundikano unaisha. Hakikisheni pia mto mkubwa ukifurika maji yake yanarudi hadi wapi. Huenda kwa siku hizo ndio unaotawala kimo chenu, na mkondo wenu hauna la kusema.

Mwisho wa juu una tatizo la kinyume. Maji yanatoka kwenye zege kwa mita 4.5 kwa sekunde na kupiga udongo mpya. Panueni taratibu, mita 1 kwa kila upande katika mita 4 za urefu. Kutoka upana wa 5 hadi 28.4 mtatumia karibu mita 47. Eneo hilo sakafu yake iwe ya mawe makubwa, sentimita 50 kwenda juu, yaliyofungamana, na lisihesabiwe kuwa eneo la watu kucheza.

Mizizi Kwanza

Nijibu la kingo. Ukingo wa udongo huwa unaanguka kwa sababu umeliwa mguuni, kisha sehemu ya juu inakosa pa kusimama. Kwa hiyo mguu unatengenezwa kwanza, mimea inafuata.

Kwa vipimo vilivyotolewa hapo juu, nguvu ya maji kuburuta sakafu ya mkondo mkuu ni kama nyutoni 64 kwa mita ya mraba, na upande wa nje wa kona inaweza kufika mara mbili. Jiwe la sentimita 17 ndilo linaanza kutikisika hapo. Tumia mawe ya sentimita 25 hadi 35, yenye pembe. Ya mviringo yanabiringika. Chimba mtaro wa mita 1 chini ya sakafu iliyokusudiwa, kwa sababu mafuriko yenyewe yatachimba shimo mguuni mwa kona. Tandika changarawe ya sentimita 15 au jiotekistaili (kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo) chini ya mawe, la sivyo udongo laini unafyonzwa kupitia nafasi za mawe na mawe yanazama polepole. Jiotekistaili ya plastiki iishie chini ya mawe. Ikipanda hadi kwenye eneo la kupanda, mizizi inatambaa juu yake bila kushika ardhi.

Juu ya mawe laza gogo la usumba lenye kipenyo cha sentimita 30, limefungwa kwa vigingi pande mbili, kisha mkeka wa usumba wa gramu 700 hadi 900 kwa mita ya mraba ufunike ukingo. Kipande cha juu ya mto kilalie kile cha chini yake kwa sentimita 30, kama vigae vya paa. Ukigeuza, maji yanaingiza kidole chini ya mkeka na kuubandua wote. Ukingo wa juu wa mkeka uzikwe kwenye kimtaro cha sentimita 30 kwa 30 na kushindiliwa. Vigingi vya sentimita 60, vitatu au vinne kwa kila mita ya mraba. Usumba unaoza ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na huo ndio muda ambao mizizi inapaswa kuwa imeshachukua kazi.

Pingili hai: chagua mti wa asili ya bonde hilo unaochipua kwa kijiti. Unene sentimita 2 hadi 4, urefu 60 hadi 80, na robo tatu ya urefu iwe ardhini. Kata chini mshazari na juu bapa, ili mpandaji asichanganye kichwa na mguu. Pingili iliyopandwa kichwa chini haioti. Toboa shimo kwanza kwa nondo, usipigilie pingili moja kwa moja, gome linachubuka na ndilo linalotoa mizizi. Mwagia tope jembamba shimoni ili hewa itoke. Zipandwe siku ile ile zilipokatwa, au zilazwe majini usiku mmoja. Kabla ya kuagiza maelfu, pandeni 50 za majaribio kando kwa wiki sita. Zikichipua chini ya 35, tafuteni mti mwingine.

Watu hupenda kuuliza nyasi za vetiva. Mizizi yake inashuka mita 3 na zaidi na inashika udongo vizuri sana, lakini haipendi kivuli. Ukipanga miti itakayofunga anga baada ya miaka minane, vetiva ya chini yake itakonda na kufa wakati usumba umeshaoza. Weka vetiva sehemu za jua, matete na mafunjo pale maji yanapogusa daima.

Singapore walifanya jambo la busara kabla ya kugeuza mfereji wa mto Kallang kwenye bustani ya Bishan-Ang Mo Kio: walijaribu mbinu 10 za kushika kingo kwenye mfereji wa pembeni wenye urefu wa mita 60, wakachagua 7. Kazi ilikamilika 2012, na kilomita 2.7 za mfereji ulionyooka zikawa kilomita 3.2 za mto unaopinda. Nanyi mna mita 400 tu, hivyo mita 20 za majaribio kwa msimu mmoja wa mvua zinatosha kabisa.

Kona zenyewe msizilazimishe. Kwa mdomo wa mita 7, mto wa kawaida hupinda na kurudi kila mita 70 hadi 100, na sehemu za maji ya kina kifupi yanayopita juu ya mawe hufuatana kila mita 35 hadi 50. Ndani ya mita 30 za upana mtapata mpindo mdogo, na hiyo inatosha. Kona kali zilizochorwa kwa ajili ya kupendeza kwenye ramani mto utazinyoosha wenyewe. Munich, kwenye kilomita 8 za mto Isar zilizorekebishwa kati ya 2000 na 2011, waliacha kingo ziwe huru na wakazika mstari wa mawe nyuma yake, usioonekana. Mto unahama unavyotaka mpaka ufike kwenye mstari huo. Kama upande mmoja mnaweza kuacha mita 3 za uhuru, fanyeni hivyo.

Uwanja Wazi

Nije kwenye watu. Mita 30 toa 28.4, mmebakiwa na mita 1.6 za juu kwa pande zote mbili, na humo bado hamjaweka kuta za kukalia. Hamna njia ya juu. Nashauri msigawe uwanda sawa: upande mmoja mita 10, mwingine 4. Upande mpana ndio wa watu. Upande mwembamba uachieni ndege na vichaka vifupi, bila njia. Kisha kwenye upande wa watu ondoeni mlalo wa 1 kwa 3, wekeni ngazi tatu za kukalia: kimo sentimita 40, kina sentimita 80. Mlalo ulikula mita 3.6, ngazi zinakula 2.4. Sukumeni nafasi yote iliyobaki upande huo, mnapata mita 2.8 juu, toeni ukuta wenye unene wa sentimita 40, inabaki njia ya mita 2.4 isiyofurika. Upande mwembamba ukuta wake ujengwe ndani ya kichwa cha mlalo. Ngazi ya sentimita 40 ni ya kukaa, haifai kupanda, kwa hiyo kila mita 40 katikati yake wekeni ngazi za kawaida za sentimita 15. Hizo ndizo njia za kukimbilia maji yakija.

Rampu iwe 1 kwa 20. Kushuka mita 1.2 ni urefu wa mita 24, ilazwe sambamba na ukingo. Rampu moja lazima iwe na upana wa mita 3.5 na kubeba lori, kwa sababu kila baada ya mafuriko kutakuwa na tope la kuzoa. Bustani nyingi za kando ya mto zinachakaa mapema kwa kuwa tope linatolewa kwa ndoo, kisha linaachwa.

Njia ya kwenye uwanda imwagwe zege lenye uso wa ufagio, viungio kila mita 3, ikiinamia mtoni kwa 2%. Matofali ya kupanga juu ya mchanga hayafai: maji yanavuta mchanga, na asubuhi yake ni mashimo. Mwinamo huo wa 2% uwe wa uwanda mzima. Viluwiluwi vya mbu vinahitaji takriban siku 7 hadi 10 kukomaa. Uwanda ukikauka ndani ya saa 48 hakuna mbu wa kuhesabu. Dimbwi la unyayo mmoja wa ekskaveta lililoachwa na mkandarasi linatosha kuzalisha mbu wa mtaa mzima, kwa hiyo kagueni baada ya mvua ya kwanza, kabla ya kupokea kazi.

Benchi la zege likizama linapoteza takriban 40% ya uzito wake, hivyo lenye kilo 500 mto unaliona kama la kilo 290. Lifungeni kwenye msingi kwa boliti, na lilale sambamba na maji. Uzio au reli inayokatiza mkondo ni marufuku. Inadaka matawi na plastiki, inakuwa bwawa, kisha inang'oka na kipande cha ukingo. Taa na masanduku yake ya umeme vyote viwe juu ya ukuta wa kukalia, vikimulika njia bila kumulika maji.

Usalama upimwe kwa namba. Kina kwa mita mara kasi kwa mita kwa sekunde kikizidi 0.4, mtoto hawezi kusimama. Kwenye uwanda wenu hilo linafikiwa maji yakiwa sentimita 60. Lakini mkondo wa chini unajaa kwa mita za ujazo 5 tu, na mto wa mjini hupanda kwa dakika chache. Kihisio cha kimo kiwekwe juu zaidi ya kipande chenu, king'ora na taa viwake mkondo ukifika nusu, wala visisubiri maji yaguse nyasi.

Bomba na Tope

Hakuna aliyetaja majitaka. Tembeeni mfereji mzima kiangazi, baada ya siku tatu bila mvua. Bomba lolote linalotiririka siku hiyo huenda lina majitaka, au maji ya bomba la maji safi lililopasuka. Lipigwe picha, liwekwe namba, lifuatwe hadi linakotoka. Ujerumani, kwenye mto Emscher, walianza kazi 1992 na wakachimba bomba kuu la majitaka la kilomita 51, na kila kipande cha mto kilirudishwa baada ya majitaka yake kuondolewa kwanza. Mpangilio huo haukwepeki. Kualika watoto kushuka ngazi hadi kwenye maji yenye kinyesi ni hatari kuliko kuwaacha na uzio wa zamani.

Tope la chini ya zege nalo lipimwe risasi, zebaki na mafuta kabla ya kulitandaza kuwa uwanda.

Na msijenge vizuizi vya kutuliza maji kiangazi ili yaonekane mengi. Vinajaa tope na kuota mwani. Madrid walifungua milango ya mabwawa madogo ya mto Manzanares mwaka 2016, na visiwa vya mchanga na ndege vikarudi vyenyewe. Cheonggyecheon ya Seoul, kilomita 5.8 zilizofunguliwa 2005, inapendwa na watu na inastahili, lakini inasukumiwa kwa pampu takriban tani 120,000 za maji kila siku. Mji usio na uwezo wa kulipia umeme huo daima uukubali mto wake mdogo jinsi ulivyo.

Mchoro Kazi

Hii ni zaidi ya nilichotegemea. La mwisho: miti ya kivuli kwenye uwanda wa mita 10, inaruhusiwa?

Hesabu za Maji

Inaruhusiwa, kwa mstari mmoja sambamba na maji, kila mita 8 hadi 10, shina lisiwe na matawi mpaka mita 2 juu ya uwanda. Mti wenye shina safi ni nguzo tu kwa mto. Kichaka ndicho kinachopandisha ukwaru. Isikaribie ukuta wa kukalia chini ya mita 3, mizizi itauinua, na ufa mmoja kwenye ukuta huo ni mlango wa mafuriko. Shingo ya mti ibaki wazi kila tope linapotua: sentimita 20 za tope zikirundikana juu yake kwa msimu, mti unaanza kufa taratibu na utadhani ni ugonjwa. Wanaozoa tope waelekezwe kuanzia kwenye mashina, njia baadaye.